Harufu ya Sigara Ndani ya Motokari: Inatoka Wapi, na Namna ya Kuiondoa

Labda umekwisha kuingia katika motokari ambayo hakuna mtu anayevuta sigara ndani yake, lakini pua yako ikakuambia kwamba moshi upo. Shofere anasema, "Mimi sivuti." Pengine anasema kweli. Aliyevuta ni mwenye motokari wa kwanza, kule Japani, kabla haijapakiwa katika meli. Sigara zake zilikwisha zamani, lakini harufu yake imesafiri mpaka kwetu.

Motokari nyingi zinazotembea hapa mashariki ya Congo si mpya. Unazitambua upesi: usukani wake uko upande wa kuume, na sisi tunapita mkono wa kuume wa barabara. Zinashuka katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, kisha zinapanda kwa njia ya nchi kavu mpaka Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi. Katika safari hiyo ya majuma mengi madirisha yamefungwa. Mtu anayekwenda kununua anatazama injini, anapiga gurudumu teke, anabishana bei. Hakuna anayenusa kiti.

Tunaandika habari hii katika kitabu cha afya, wala si katika kitabu cha mafundi, kwa sababu motokari hizo ndizo zinazoleta wagonjwa hospitali. Mama aliyezaa jana anarudi nyumbani ndani ya taksi, na mtoto wake mchanga amelazwa kitini. Mtoto mwenye pumu, ugonjwa ambao wengine wanauita asma, analetwa usiku akihema, na hewa ya kwanza anayopewa njiani ni hewa ya motokari hiyo.

Harufu ni kitu gani?

Watu wengi wanafikiri harufu ni kama kivuli, kitu kinachoonekana lakini hakishikiki. Sivyo. Harufu ni kitu kweli, ila ni kidogo sana. Unaposikia harufu ya sigara, vipande vya moshi vimetoka katika kiti, vimepita hewani, vimeingia puani mwako. Kama pua imevipata, mapafu yamevipata vilevile.

Moshi wa tumbako una vitu zaidi ya 7,000 vya namna mbalimbali, na karibu 70 katika hivyo vinajulikana kwamba vinaleta kansere. Sigara inapozimwa, vitu hivyo havizimwi pamoja nayo. Vingine vinatoka kwa dirisha. Vingine vinashuka polepole na kushika kila mahali: kwenye vioo, kwenye ubao ulio mbele ya shofere, kwenye kitambaa cha dari, kwenye mikanda, kwenye sifongo iliyo ndani ya viti. Lami ya tumbako inanata. Nikotini inapanda kama mvuke na kujishika kwa karibu kila kitu inachokigusa. Motokari ni chumba kidogo, kwa hiyo sigara moja ndani yake inajaza moshi mwingi kuliko sigara hiyo hiyo katika nyumba. Na yule anayefungua dirisha kidogo na kutoa mkono wenye sigara nje, asifikiri kwamba moshi wote umemfuata mkono.

Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua kitambaa cheupe, ukiloweshe kwa maji na sabuni, upanguse kioo cha mbele kwa upande wa ndani. Kitambaa kitatoka na rangi ya manjano au ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo harufu yako.

Sasa utaelewa pia kwa nini harufu inazidi saa sita ya mchana. Asubuhi, wakati wa baridi, vitu vile vinalala. Jua linapopiga na motokari imefungwa, joto linavipandisha tena hewani kama linavyopandisha mvuke katika nguo mbichi. Kwa sababu hiyo muuzaji mwenye akili anakuonyesha motokari asubuhi.

Je, inadhuru kweli?

Tuseme kwa kipimo. Moshi unaovutwa sasa hivi mbele ya mtoto ni mbaya zaidi kuliko moshi wa jana ulioshika kiti. Moshi wa sigara za wengine unaua watu zaidi ya milioni 1 kila mwaka katika dunia yote, na watu hao hawakuwa wavutaji. Sisemi kwamba safari moja katika taksi yenye harufu italeta kansere. Lakini motokari ya nyumbani si safari moja. Mtoto anaingia leo, kesho na kesho kutwa.

Mwaka 2008 wataalamu wa chuo kikuu cha San Diego State, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima motokari zilizotumika zilizokuwa zikiuzwa. Katika zile za wavutaji walikuta nikotini katika mavumbi, juu ya ubao wa mbele, hata katika hewa. Mwaka 2010 wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko huko California, walionyesha jambo lingine. Nikotini iliyoshika vitu inaungana na asidi fulani iliyo hewani, ambayo inatoka pia katika injini za motokari, na muungano huo unazaa sumu za jamii ya nitrosamini. Baadhi ya nitrosamini hizo zinaleta kansere. Walipanguza ndani ya motokari ya mvutaji mmoja, wakazikuta humo. Maana yake, mabaki hayo hayakai tu na kuzeeka kama mavumbi ya kawaida. Mengine yanageuka kuwa mabaya zaidi.

Anayepata hasara zaidi ni mtoto mdogo. Anahema mara nyingi kuliko mtu mzima. Anashika kiti, analamba mkanda, anatia vidole kinywani. Mwenye pumu naye, kwa wengine harufu peke yake inatosha kufunga kifua.

Mambo yasiyosaidia

Jambo la kwanza ambalo watu wanalifanya ni kununua marashi: kile kikaratasi chenye sura ya mti kinachoning'inia karibu na kioo, au chupa ya kupuliza. Marashi hayaondoi kitu. Yanaongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza, na baada ya muda ya pili inakwisha na ya kwanza inabaki. Tena marashi makali yanaweza kumletea mwenye pumu shida ile ile uliyotaka kuiondoa. Ukikuta motokari inayouzwa ina vikaratasi vitatu vya marashi, uliza kwa nini.

Unga wa kahawa katika kisahani ni hivyo hivyo. Harufu yake ni nzuri, nami ninaipenda, lakini kahawa inafaa kikombeni kuliko chini ya kiti.

Makala yanasaidia kidogo, kwa sababu yana matundu madogo madogo yanayonasa baadhi ya harufu. Unaweza kuweka kikapu cha makala makavu ndani ya motokari iliyofungwa kwa siku kadhaa baada ya kuosha. Lakini sikiliza vizuri: makala yasiyowashwa! Kuna watu wanaotia mbabula yenye moto ndani ya motokari ili kukausha viti au kufukuza harufu. Usifanye hivyo hata kwa dakika chache. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, nayo inaua mtu akiwa amesinzia bila kujua kitu.

Katika miji mikubwa kuna garaji zenye mashini ya ozoni. Ozoni inavunja baadhi ya vitu vya harufu, kweli, lakini haiondoi lami iliyonata, na inaumiza mapafu na kuchakaza mpira. Ikiwa mtu ameitumia katika motokari yako, mtu yeyote asikae ndani wakati inapofanya kazi, na baadaye uache milango wazi saa nyingi kabla ya kupakia watu. Motokari ambayo haikuoshwa kwanza, ozoni haitaisafisha.

Basi kazi ni kuosha. Hakuna dawa nyingine inayoshinda maji, sabuni na mikono.

Namna ya kuosha

Chagua siku ya jua, maana motokari iliyooshwa isipokauka itapata ukungu, na harufu ya ukungu nayo ni ugonjwa mwingine. Anza asubuhi mapema.

Ondoa kila kitu: mazulia ya chini, vitambaa vya kufunika viti, makaratasi, vyombo vya nyuma, hata gurudumu la akiba. Toa kisahani cha majivu, ukioshe kwa sabuni, kisha ukiache nyumbani. Motokari isiyo na mahali pa kutia majivu inamkumbusha kila mtu. Piga mazulia kwa fimbo nje, uyafue, uyaanike. Kama una mashini ya kunyonya mavumbi, pitisha kila pembe na chini ya viti. Kama huna, tumia burosi kavu, milango yote minne ikiwa wazi, na ujifunge kitambaa puani, kwa maana mavumbi hayo yamebeba nikotini.

Kisha panguza mahali pagumu pote. Changanya kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji. Siki ni ile ambayo wengine wanaiita vinegri. Kwa nini siki? Nikotini ni ya jamii moja na magadi, na vitu vikali kama siki vinaigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka upesi katika maji. Kwa lami tumia maji ya moto kidogo na sabuni. Pitisha siki, kisha sabuni, kisha maji safi, na ubadilishe maji kila yanapochafuka. Usisahau usukani, vishikio vya milango, upande wa ndani wa vioo, matundu ya hewa, na vile vibao viwili vya kuzuia jua. Hivyo viko mbele ya kinywa cha mvutaji, navyo hunuka kuliko vyote.

Hapa kuna onyo. Usichanganye siki na javeli kamwe. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na ndani ya motokari huna mahali pa kukimbilia. Tena javeli usiitie kabisa kwenye mikanda ya kufunga mwili. Inadhoofisha nyuzi zake, na mkanda uliodhoofika utakatika siku ile unapouhitaji. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, uuoshe kwa sabuni laini na maji, uache ukauke ukiwa umevutwa.

Sasa viti. Hii ndiyo kazi kubwa, maana moshi haukukaa juu ya kitambaa tu, umeingia katika sifongo. Nyunyiza bikarbonati juu ya kiti kikavu, ile ambayo mama wa nyumba wanaitia katika maharagi ili yaive upesi. Isugue kidogo kwa burosi, uiache usiku mzima, na asubuhi uiondoe yote. Inashika ile sehemu ya harufu iliyo chachu. Baadaye piga sabuni katika maji mpaka itoe povu jingi, na uoshe kiti kwa povu, si kwa ndoo. Sugua, kamua kitambaa, panguza, rudia. Ukimwaga maji mengi sifongo haitakauka kwa siku tatu, na chini ya viti kuna nyaya za umeme ambazo hazipendi maji. Viti vya ngozi ni rahisi zaidi: sabuni laini, maji kidogo, kitambaa kikavu.

Dari inasahauliwa na watu wote, na hata hivyo moshi hupanda juu. Tazama dari iliyo juu ya kiti cha shofere, uilinganishe na ya nyuma, utaona rangi mbili. Kitambaa chake kimeshikwa kwa gundi tu. Ukikilowesha kitashuka juu ya vichwa vyenu kama hema iliyokatika kamba. Tumia povu peke yake, kwa mkono mwepesi, sehemu ndogo ndogo, ukifuata upande mmoja.

Bado mashini ya hewa. Moshi ulivutwa pia na ile feni inayoleta hewa ya baridi au ya moto. Katika motokari nyingi za miaka hii kuna kichungi cha karatasi, mara nyingi nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Mwombe fundi akitoe. Kikiwa cheusi na chenye harufu, hakioshwi, kinabadilishwa. Motokari nyingine za zamani hazina kichungi hicho, basi usidanganywe kulipia kitu kisichokuwapo. Baadaye washa injini mahali pa wazi, fungua madirisha na milango, uendeshe feni kwa nguvu yote kwa nusu saa, ikivuta hewa ya nje. Usifanye hivyo ndani ya garaji iliyofungwa, kwa sababu ya sumu ile ile tuliyoitaja kwa habari ya mbabula.

Harufu ikirudi

Umeosha Jumamosi, Jumapili motokari inanukia vizuri, na Jumatano harufu imerudi. Wengi wanakata tamaa hapo. Usifikiri kazi imekuwa bure. Uliosha juu, na sasa vile vilivyokuwa ndani ya sifongo vimepanda kuchukua nafasi. Kila mara vitapanda vichache zaidi. Osha tena viti, dari na vioo baada ya juma moja, na tena baada ya majuma mawili. Siku za jua iache motokari na milango wazi muda mrefu, mahali ambapo kuna mtu wa kuilinda.

Kwa kupima, funga motokari juani saa mbili, kisha ufungue mlango na kunusa mara moja. Pumzi ya kwanza ndiyo yenye kusema kweli, maana pua inazoea upesi. Mvutaji asiwe mpimaji. Pua yake imekwisha kuzoea, na nguo zake mwenyewe zinarudisha harufu ndani. Mwite mama wa nyumba, au kijana asiyevuta.

Kuna motokari ambazo miaka kumi ya sigara imeingia mpaka mfupa. Kama umeosha mara nne na pumzi ya kwanza bado ni mbaya, shida iko katika sifongo ya viti na kitambaa cha dari, na dawa yake ni kuvibadilisha. Mafundi wa viti wako katika kila soko kubwa. Uliza bei yao kabla ya kununua motokari, wala si baada ya kununua, uitoe katika bei ya muuzaji. Atalalamika, lakini anajua.

Na motokari ikiwa safi, nani atavuta ndani yake? Nchini Uingereza na Wales, tangu Oktoba 2015, ni kosa la sheria kuvuta sigara katika motokari iliyofungwa ikiwa mtoto wa chini ya miaka 18 yumo. Wewe huhitaji kungoja askari. Mzee wa heshima akitoa sigara ndani ya motokari yako, ni vigumu kumwambia neno, tunajua. Njia rahisi ni kusimamisha motokari na kusema, "Baba, tupumzike hapa kidogo, uvute nje, nami nitanyoosha miguu." Hatakasirika. Bali usimruhusu avute kwa sababu madirisha yako wazi, wala kwa sababu leo mtoto hayumo. Mtoto atapanda kesho.

Wakati motokari haijaisha kusafishwa, na lazima ubebe mgonjwa au mtoto mchanga, fungua madirisha kabla ya safari, tandika kitambaa kilichofuliwa juu ya kiti, na mtoto asiguse kiti kwa mashavu wala kwa mikono. Kitambaa hicho kifuliwe baada ya kila safari.

Neno moja kwa habari ya maji machafu. Yale maji ya kahawia uliyokamua yana nikotini, nayo ni sumu. Vaa mipira ya mikono unapoosha, au mifuko ya plastiki ukikosa mipira. Mimina maji hayo mbali na kisima, mbali na kijito, na mahali ambapo watoto hawachezi. Vipande vya sigara utakavyovikuta chini ya viti, na vitakuwapo, uvitie katika choo cha shimo, kwa maana mtoto anayetambaa akimeza kimoja ataletwa kwetu akitapika. Vitambaa ulivyotumia usivifue pamoja na nguo za mtoto.